Nilivyomvua Shangazi Nibha Ujane Wake

Barua zenu nimezipata, wasomaji. Mmoja ameniita nyoka. Mwingine, mama mwenye mwandiko mzuri sana, ameuliza kama mtu kama mimi nina mama. Ninaye. Yuko kijijini Bardhaman, na hajui kwamba ninaandika haya.

Kwa anayeanza leo, mambo yako hivi. Naitwa Hiranmay Sarkhel, nasoma prufu, yaani nasahihisha makosa kabla ya kuchapa, katika kiwanda cha uchapaji Mtaa wa College, Kolkata. Nimepanga chumba Shyambazar, nyumba kuukuu ambayo wapangaji wote tunapanda ngazi moja na kugombania bomba moja. Chini wanakaa Mzee Haldar na mkewe. Juu, mkabala na mlango wangu, anakaa Shangazi Nibha, mjane, na binti yake Sharbani, ambaye nyumbani sote tunamwita Tepi.

Si shangazi yangu wa damu. Lakini nilipougua homa ya matumbo alinilisha uji kwa kijiko siku kumi na moja, kwa hiyo asitokee mtu kunifundisha shangazi ni nani.

Miaka mitatu iliyopita chuo kilimtaka Tepi alete cheti cha kifo cha baba yake. Shangazi akaniita nimsaidie kujaza fomu. Akafunga mlango, akaketi kitandani na sari yake nyeupe ya ujane, akasema, "Cheti hakuna, Hiru. Mtu hajafa."

Mume alimkimbia, Tepi akiwa na mwaka mmoja, akaenda Asansol kwa mwanamke mwingine. Shangazi alivunja bangili zake mwenyewe kwa mchi, akafuta rangi nyekundu ya ndoa utosini, akaja mjini na mtoto mgongoni akasema amefiwa. Mjane hupewa chumba na hupewa kazi ya kushona. Mwanamke aliyeachwa huulizwa maswali. Kwetu mjane hali samaki, na tangu siku hiyo hajaonja, miaka ishirini na miwili, katika mji ambao watu wanaota samaki usingizini.

Siri hiyo aliniambia mimi peke yangu. Na mimi nikamwambia Abhro.

Abhro ni mwandishi wa sinema niliyejuana naye kwenye kibanda cha chai. Alitaka visa vinne vya wapangaji wa nyumba moja, avifanye filamu moja. Nikammwagia yote, glasi baada ya glasi ya chai. Hakunilipa. Afadhali angenilipa, ningesingizia njaa. Aliniahidi kitu kimoja tu: jina langu kwenye skrini.

Nilijiona mwangalifu. Nilibadilisha majina yote, Sharbani nikamwita Malabika, Nibha nikamwita Kanaklata. Lakini kwetu kila mtu ana majina mawili, moja la shule na vyeti, na jingine la nyumbani. Abhro aliponiuliza, "Na mama yake akimwita jikoni anamwitaje?" nikajibu bila kufikiri, "Tepi." Mimi, mtu ninayelipwa kukamata makosa ya wengine, hilo sikuliona.

Hapo ndipo tulipoishia. Sasa nisikilizeni, maana ya leo ndiyo yaliyonifanya nishindwe kujitazama kwenye kioo.

Filamu ilitoka wiki ya Puja, sikukuu yetu kubwa ya mungu Mama Durga, kama filamu zote zinazotaka watu. Siku ya sita ya sikukuu, nyumba nzima ilivaa nguo mpya kwenda kuitazama, maonyesho ya mchana, kwa sababu yangu.

Nilijaribu kumzuia Shangazi. "Shangazi, ukumbi una kelele sana. Kichwa chako."

"Kichwa changu kina miaka hamsini na sita, kimeshazoea," akasema. "Nataka kuona jina lako, mtoto wangu, limeandikwa kwa herufi kubwa."

Msinione mwendawazimu kwa kumwacha aende. Wiki mbili kabla, Abhro aliniambia kisa cha mjane kimekatwa, filamu ilikuwa ndefu mno. Nilimwamini. Hapana, acheni niseme kweli: sikumuuliza mara ya pili, kwa kuogopa jibu lisije likabadilika.

Taa zikazimwa. Muziki ukaanza. Jina langu likapita kwenye skrini, jeupe, kubwa, na Mzee Haldar akapiga mluzi wa vidole viwili mpaka watu wakageuka.

"Huyo ni wetu!" akawaambia. "Anakaa juu ya kichwa changu!"

Tepi akapiga makofi. Shangazi Nibha akanyoosha mkono gizani akanigusa kichwani, akanibariki. Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi.

Kisa cha kwanza kilikuwa ugomvi wa bomba la maji. Nikajikunyata kwenye kiti nikijua Mzee Haldar atanikaba koo.

"Huyu ni mimi!" akanong'ona, na minong'ono yake husikika ng'ambo ya barabara. "Tazameni! Hata kikohozi kimenasa!"

"Na yule mnene ndiye mimi?" Mama Haldar akauliza. "Hiru! Mimi mnene vile?"

"Wamekupunguza," mumewe akasema, akapigwa mkoba wa begani.

Walicheka mpaka machozi. Kisa cha pili, cha mwanafunzi na paka wa mwenye nyumba, wakacheka tena. Nikaanza kupumua. Nikajiambia, Hiru, umepona.

Kisha skrini ikaonyesha dirisha.

Chini, jiko la jirani, samaki wa ilish anakaangwa kwa mafuta ya haradali, unasikia anavyochachatika. Juu, mkono wa mwanamke mwenye sari nyeupe unavuta dirisha, unalifunga taratibu. Ukumbi mzima ukaguna kwa huruma.

Tepi akamwegemea mama yake. "Mama, huyu anafunga dirisha kama wewe," akasema, akacheka kidogo.

Shangazi hakucheka.

Ikaja bangili na mchi. Ukaja mji mwingine, na mwanamume mzima wa afya, anachagua samaki sokoni, anambonyeza shavu aone kama ni mbichi. Ndipo mwigizaji aliyekuwa mjane akasimama jikoni akaita, "Tepi! Weee Tepi, njoo ule!"

"Hee! Wamekutaja, Tepi!" Mzee Haldar akapaza sauti. "Umesikia? Wame..."

Akanyamaza katikati. Mkewe alikuwa amemfinya.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Haikupasuka. Niliketi pale nikitazama mbele, mpaka niliposikia sauti ya Shangazi sikioni pangu, tulivu, bila kunigeukia.

"Kaa kimya, Hiru. Tukitoka nitasema mimi kwanza."

Nje kulikuwa na jua, ngoma za Puja, watu wamejaa njia nzima. Tulisimama kando ya kibanda cha chapati za mayai, sote watano, na mtu wa chapati akatuuliza mara mbili tunataka ngapi.

Tepi akamgeukia mama yake. "Mama. Baba yuko hai?"

"Muulize aliyetunga," Shangazi akasema.

Akaniangalia. Msomaji, macho yale sijayasahau. Hayakuwa na hasira. Yalikuwa yananionyesha mlango na kuniambia pita hapo, mpumbavu wewe, hakuna mwingine.

"Nimetunga," nikasema.

"Na jina langu ulilitunga?"

"Niliazima. Niliona linapendeza."

"Na dirisha?"

"Dirisha niliona. Hayo mengine nimetunga, Tepi. Nilitaka watu walie."

Hakunipiga. Ningemshukuru kama angenipiga. Alivua ua la sikukuu alilolibandika kwenye nywele, akalitupa mtaroni, akamshika mama yake mkono.

"Baba yangu marehemu," akasema. "Umemchezea baba yangu marehemu."

"Mtu anakulisha kwa kijiko," Mama Haldar akadakia, "halafu wewe unamtungia mume hai? Unamfanya mwongo mbele ya mji mzima? Ptu!"

"Mimi nitanie utakavyo," Mzee Haldar akasema. "Kikohozi changu chukua. Lakini kumsingizia mjane, Hiru, hilo hapana."

Wakaondoka wote wanne, wakaniacha na mtu wa chapati.

"Moja?" akaniuliza.

Nikanunua. Nikaila. Hata hilo naliona aibu, kwamba niliweza kula.

Mnanielewa lakini? Walinitukana kwa kosa ambalo sikulifanya. Nililolifanya lilikuwa baya zaidi. Kwa hiyo nilinyamaza, na matusi yao nikayapokea yote, hata nikaona yananifaa.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta Shangazi bombani, anajaza ndoo. Hakukuwa na mwingine.

"Shangazi, nisamehe."

"Sijakusamehe," akasema, akazidi kufungulia maji ili sauti isifike juu. "Nimekutumia tu. Ulivunja, basi shikilia vipande. Kusamehe ni habari nyingine."

"Nitafanya lolote."

"Harusi ya Tepi ni mwezi wa Ogrohayon, haiko mbali. Kadi zimeshaandikwa baba marehemu. Wakwe wakijua yupo, swali la kwanza litakuwa kwa nini aliondoka, na la pili litakuwa mimi nilimfanya nini. Lakini si hao ninaowaogopa, Hiru." Akaufunga mfereji. "Wiki iliyopita tu mtoto aliingia mtoni kumtilia baba yake maji ya wafu. Watu walimcheka, hiyo ni kazi ya watoto wa kiume, akaingia vilevile mpaka kiunoni. Kila mwaka anaingia. Nimwambie nini? Kwamba anamnywesha maji ya wafu mtu anayekula samaki Asansol?"

Nikataka kumbebea ndoo.

"Iache," akasema.

Siku ya tisa ya sikukuu, simu ikaja. Mama wa bwana harusi alikuwa ameitazama filamu, yeye na dada zake watatu, na wote walilisikia jina lile la Tepi. Shangazi aliongea naye dakika tano kwa sauti ya kicheko, kisha akagonga mlango wangu, akanipa simu bila kusema neno. Nyuma yake Tepi alikuwa amesimama, amekunja mikono kifuani.

"Wewe ndiye mtunzi?" sauti ikauliza.

"Ndiyo, Mama."

"Mimi sina ugomvi na sinema, mwanangu. Nimelia vizuri sana. Nataka kujua kitu kimoja. Yule mume ni wa kweli?"

"Hapana, Mama."

"Una mama?"

"Ninaye."

"Basi apa kwa mama yako."

Nikamtazama Shangazi. Akatazama sakafu. Nikamtazama Tepi, naye akanikazia macho, anasubiri kama wanavyosubiri watu wa mahakamani.

"Naapa kwa mama yangu," nikasema. "Mtu huyo hayupo duniani."

Simu ikakatwa kwa heri na baraka. Harusi ikapona. Tepi akashusha pumzi, na kwa mara ya kwanza tangu ile siku akanisemesha. "Angalau umeapa," akasema, akaingia kwao.

Usiku ule sikulala, lakini hayo hayawahusu.

Sasa siku ya Bijoya. Sanamu ya Mama Durga imeshazamishwa mtoni jana yake, na siku hiyo kwetu hakuna ugomvi unaoruhusiwa kusimama. Wadogo huinama kugusa miguu ya wakubwa, wanaume hukumbatiana, na kila mlango lazima ukupe kitu kitamu, hata kama jana mwenye mlango alikuombea kifo. Nyumba nzima haikuwa inasema nami, na nyumba nzima ililazimika kunilisha.

Nilianzia chini. Nikagusa miguu ya Mama Haldar. Akanitia mkononi vidonge viwili vya nazi na sukari guru, uso umegeukia ukutani.

"Kula," akasema. "Ni vya siku, si vyako."

Mzee Haldar alinikumbatia mara tatu kama desturi inavyotaka, kwa mikono migumu kama mbao. Ya tatu ililegea kidogo. "Mpumbavu mkubwa wewe," akaniambia begani, na nusura nilie.

Ndipo hodi ikabishwa kwenye mlango wa nje. Mimi ndiye niliyekuwa karibu.

Alikuwa mzee mmoja mwembamba, shati jeupe la pasi, mwavuli kwapani, na boksi la peremende za maziwa limefungwa uzi. Viatu vyake vilikuwa na vumbi la safari.

"Samahani, kijana. Hapa ndipo anapokaa Tepi?"

Mgeni haulizi mtu kwa jina la nyumbani. Mgeni hulijulia wapi?

"Wewe nani?" nikauliza, ingawa nilishajua.

"Jina hilo nililitoa mimi," akasema. "Alikuwa na miezi mitatu. Mashavu yalikuwa yamemjaa hivi, ndiyo nikamwita hivyo." Akajaribu kutabasamu. "Nimeitazama ile sinema mara tatu. Mara ya kwanza nilitoka nje nikatapika. Nyumba niliijua kwa mtaa, wameonyesha hekalu lenu la kona."

"Mzee, nakuomba. Ondoka."

"Nataka kumwona tu."

"Anaolewa. Utamuua mama yake. Rudi ulikotoka, nitakuandikia, naapa nitakuandikia." Nilikuwa nimemshika mkono, namsukuma mtu wa rika la baba yangu kizingitini, siku ya Bijoya.

"Mwanangu," akasema, "hata leo mtu anafukuzwa mlangoni?"

"Nani huyo, Hiru?" Mzee Haldar akaita kutoka ndani. Akatokea na kikohozi chake, akaniona nimemshika mgeni, uso ukamwiva. "Hee! Huna haya kabisa siku hizi? Mgeni wa Bijoya unamsukuma? Karibu, ndugu yangu, karibu! Msamehe huyu, amechanganyikiwa tangu aandikwe kwenye sinema."

Akamkumbatia. Mara tatu, kwa moyo wote. Akamvuta mpaka uani, akamketisha kwenye kiti chake mwenyewe, akapiga kelele ngazini. "Tepi! Tuna mgeni! Leta sahani, binti yangu!"

"Mzee Haldar," nikasema, "huyu bwana ana haraka."

"Wewe nyamaza."

Tepi akashuka na sahani ya vitamu, sari mpya ya manjano, nywele mbichi bado. Akamwona mzee asiyemjua. Mtoto amelelewa vizuri yule. Aliweka sahani juu ya pipa, akajitanda vizuri, akapiga magoti akagusa miguu ya yule mzee, ile ile yenye vumbi, kisha akapeleka vidole kwenye paji la uso wake.

Mkubwa akiguswa miguu huweka mkono kichwani akabariki. Mkono wa yule mzee uliinuka. Ukafika juu ya nywele zake ukasimama pale hewani, ukashindwa kushuka.

Tepi akangoja. Kisha akainua uso kuona kuna nini.

Mzee alikuwa analia.

"Mgeni wetu," Mzee Haldar akasema polepole, furaha inamtoka sautini, "una undugu na nani hapa?"

Mgeni alikuwa anatazama juu, juu ya vichwa vyetu, na sote tukageuka kufuata macho yake. Shangazi Nibha alikuwa amesimama ngazi ya juu kabisa, sari nyeupe, mkono mmoja ukutani. Sijui alikuwa pale tangu lini.

Hakupiga kelele. Aliniangalia mimi, akatikisa kichwa mara moja. Usiseme.

Tepi alimwona. Akamtazama mama yake, akamtazama mzee, akasimama bila kujipangusa magoti. Mama Haldar alikuwa ametoka mlangoni na kijiko mkononi, mdomo wazi.

"Kaka Hiru," Tepi akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, ya heshima, ya mdogo anayemsemesha mkubwa siku ya sikukuu. "Uliapa kwa mama yako. Nilikuwa nimesimama pale. Sasa mbele ya mama yangu, niambie huyu ni nani."

Nimewaungamia mengi katika gazeti hili, na mmenitukana ipasavyo. Lakini aibu yangu kubwa kuliko zote ni hii. Binti amesimama mbele yangu na maisha yake mkononi, mama anakufa kwa hofu ngazini, na mimi, kabla ya kumjibu, nilijikuta nikiwaza jinsi Abhro angeipenda picha hii.

Tepi aliyaona mawazo hayo machoni pangu, naapa aliyaona. Akarudi nyuma hatua moja.

"Mama," akasema, bila kuniondolea macho, "shuka."

Na Shangazi Nibha akaanza kushuka.